Simu Yako na Safari za Magonjwa: Mambo ya Kujua kwa Mama na Mlezi

Kwa kifupi

- Kampuni za simu hujua mnara uliotumika kila unapopiga simu au kutuma ujumbe. Taarifa za watu wengi zikijumlishwa, zinaonyesha watu wanatoka wapi kwenda wapi.
- Wataalamu wametumia taarifa hizo kufuatilia njia za malaria, kipindupindu, rubela na COVID-19.
- Simu haijui nani anaumwa. Inaonyesha mwendo wa simu tu.
- Watoto wadogo hawana simu, hivyo safari zao mara nyingi hazionekani. Mwenye kuzijua ni wewe unayemlea.
- Mtoto akipata homa baada ya safari, mwambie mhudumu wa afya mlikotoka, hata kama hajakuuliza.

Swali ninaloulizwa kliniki

Siku za kliniki ya watoto huwa tunakaa na akina mama kwenye benchi tukisubiri mizani. Siku moja mama mmoja aliniuliza: "Sista, nasikia sasa hivi magonjwa yanafuatiliwa kwa simu. Kwa hiyo mwanangu akiumwa simu yangu inawaambia?" Wenzake walicheka, lakini niliona kila mmoja anasubiri jibu.

Jibu fupi ni hapana. Simu yako haipimi homa ya mtoto wala haijui kama umetoka kununua dawa. Hata hivyo, si uongo kwamba taarifa za mahali simu zilipo zimetumika kufuatilia magonjwa ya kuambukiza, na nchi zetu za Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kazi hiyo ilipofanyika. Makala hii inaeleza inavyofanyika, inasaidia nini, inashindwa wapi, na wewe ufanye nini.

Simu inajulikanaje ilipo?

Kuna njia tatu, na ni vizuri usizichanganye.

*1. Minara ya simu.* Ukipiga simu au kutuma ujumbe mfupi, simu yako huongea na mnara, kwa kawaida ule ulio karibu. Kampuni huandika namba, saa na mnara uliotumika, kwa sababu inahitaji kumbukumbu hizo ili ikate salio lako sawasawa. Kwa njia hii hata kitochi huacha alama, kwa kuwa mnara hauhitaji simu janja. Alama hiyo si sahihi sana: mjini inaweza kuonyesha mtaa, lakini kijijini ambako mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, inaweza kukosea kwa kilomita kadhaa.

*2. GPS.* Hii ndiyo lokesheni tunayowasha tunapoita bajaji au bodaboda kwa simu janja. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti na kujua ilipo kwa tofauti ya mita chache. Programu uliyoiruhusu inaweza kupata taarifa hiyo.

*3. Bluetooth.* Hii haisemi uko wapi. Inaweza kuonyesha kwamba simu mbili zilikuwa karibu kwa muda fulani. Wakati wa COVID-19 baadhi ya nchi ziliitumia kujua nani alikaa karibu na mgonjwa.

Kwa nini safari za watu zina maana kwa magonjwa?

Chukua malaria. Mbu anayeeneza malaria haruki kutoka Kisumu hadi Nairobi, wala kutoka Geita hadi Arusha. Mwenye kufika huko ni mtu, kwa basi, akiwa na vimelea kwenye damu. Anaweza asijisikie vibaya kabisa siku ya safari, kwa sababu dalili mara nyingi huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Kwa hiyo mtoto anaweza kuambukizwa kwa bibi, akarudi nyumbani mzima anacheza, na homa ikaanza wiki ya pili akiwa tayari shuleni.

Akifika mahali penye mbu wa aina hiyo, mbu wa hapo wanaweza kumuuma na kupeleka vimelea kwa jirani. Ndiyo maana mkoa unaweza kupuliza dawa na kugawa vyandarua, na bado wagonjwa wakawa wanapatikana. Ugonjwa unaingia kupitia stendi.

Magonjwa mengine nayo husafiri na watu. Surua, rubela na mafua hupita kwa hewa na matone ya mate. Kipindupindu husafiri na mtu aliyeambukizwa, na choo chake kikifika kwenye maji ya kunywa, mlipuko huanza mahali papya. Anayejua watu wengi wanaelekea wapi anaweza kukisia ugonjwa utatokea wapi kesho.

Kenya: minara 11,920 na ramani ya malaria

Mfano unaojulikana zaidi ulitoka Kenya, ukachapishwa mwaka 2012. Watafiti walipata kumbukumbu za wateja karibu milioni 15 wa simu kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009. Majina na namba halisi viliondolewa. Walitazama minara 11,920 iliyohudumia miji na vijiji 692, wakahesabu watu walivyokuwa wakihama kutoka eneo moja kwenda jingine. Halafu wakaziweka hesabu hizo juu ya ramani ya malaria.

Walichokiona ni kwamba eneo la Ziwa Victoria lilikuwa chanzo kikubwa cha vimelea vilivyosafirishwa na watu, na Nairobi ilikuwa mahali pakubwa pa kuvipokea. Nairobi yenyewe haina malaria nyingi ya kuambukizwa hapohapo. Wagonjwa wengi wanaogunduliwa huko wameipata safarini.

Tunajifunza nini? Ukitaka kupunguza malaria Nairobi, kugawa vyandarua Nairobi peke yake hakutoshi. Inabidi uzuie kule inakotoka, na uwafikie wasafiri wenyewe kabla hawajaondoka na baada ya kurudi. Kwa bajeti ndogo za afya, kujua pa kuanzia ni jambo kubwa.

Zanzibar: kisiwa na boti za Dar es Salaam

Zanzibar imepunguza malaria kwa kiasi kikubwa kwa vyandarua, upuliziaji wa dawa na matibabu sahihi. Swali likawa: je, inaweza kuimaliza kabisa wakati boti zinakwenda na kurudi bara kila siku?

Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kumbukumbu za simu 770,369 kwa miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba 2008. Simu nyingi hazikutoka visiwani katika kipindi hicho. Zilizotoka, nyingi zilikwenda Dar es Salaam na kurudi kabla ya siku 5 kwisha. Hilo lilisaidia kukadiria ni maambukizi mangapi yanaweza kuingia kutoka bara, na hivyo kupanga ulinzi. Mtu aliyelala siku mbili mjini hana hatari sawa na aliyekaa wiki nne kijijini kwenye malaria nyingi, maana huyu wa pili amelala usiku mwingi zaidi mahali penye mbu.

Zanzibar haikuishia kwenye ramani. Mgonjwa akipimwa na kukutwa na malaria, kituo hutuma taarifa kwa simu, na afisa wa ufuatiliaji huenda nyumbani kwa mgonjwa. Huko huwapima wanafamilia wengine na kuuliza nani alisafiri na alikwenda wapi. Ramani ya simu inaonyesha njia kubwa, lakini nyumba yenyewe hufikiwa na mtu anayebisha hodi.

Rubela na msimu wa safari

Kumbukumbu za simu za Kenya zilitumika pia kuangalia rubela. Watafiti walilinganisha vipindi ambavyo watu husafiri na kukusanyika kwa wingi na vipindi ambavyo rubela huenea, wakaona vinahusiana.

Kwa mama mjamzito hili si jambo dogo. Kwa mtoto, rubela mara nyingi ni vipele na homa ndogo. Lakini ikimpata mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, inaweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa na matatizo ya moyo, macho au masikio. Kinga ipo. Nchini Kenya na Tanzania watoto hupata chanjo ya surua na rubela wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya pili ndiyo akina mama wengi husahau, kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na kliniki imekuwa mbali na mawazo. Angalia kadi leo. Kama una mpango wa kusafiri sikukuu na mtoto amefikisha umri, mpeleke kwanza.

Haiti: kujua watu wamekimbilia wapi

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa liliibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Watu walikimbia mji kwa miguu na kwa magari, na hakuna aliyekuwa akiwaandika. Watafiti walichambua laini za simu milioni 1.9 na kukadiria kwamba watu wapatao 630,000 waliokuwa mjini siku ya tetemeko walikuwa wameondoka siku 19 baadaye.

Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kilizuka nchini humo. Safari hii wachambuzi waliweza kutoa taarifa za watu waliokuwa wakitoka eneo la mlipuko ndani ya saa 12 baada ya kupokea data. Mwenye kupeleka chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, dawa ya kutibu maji na wahudumu anahitaji kujua watu wako wapi leo. Orodha ya sensa ya miaka iliyopita haiwezi kumwambia hilo.

COVID-19: mazuri na maumivu

Kuanzia Aprili 2020 hadi Oktoba 2022, Google ilichapisha taarifa zilizoonyesha kama watu wa nchi au mkoa fulani wamepunguza kwenda sokoni, stendi au kazini. Zilikuwa asilimia za jumla, zilizotokana na watu waliowasha kumbukumbu ya mahali kwenye simu zao. Hakuna mtu aliyetajwa.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake iliruhusu mamlaka za afya kufuatilia safari za mgonjwa mmoja mmoja kwa simu, kadi za benki na kamera. Mei 2020, mlipuko ulipotokea kwenye kumbi za starehe za mtaa wa Itaewon jijini Seoul, kumbukumbu za minara zilisaidia kuwapata zaidi ya watu 10,000 waliokuwa karibu na eneo hilo, wakaombwa wapime. Wagonjwa wengi waligunduliwa mapema. Lakini ujumbe uliosambazwa kwa wananchi kuhusu mizunguko ya wagonjwa uliwafanya watu waanze kubashiri nani ni nani. Wengine waliaibishwa na kutukanwa. Mtu akiogopa kuaibishwa kuliko anavyoogopa ugonjwa, hatakuja kupima.

Singapore nayo ilianza Machi 2020 kutumia programu ya Bluetooth iitwayo TraceTogether. Wananchi waliambiwa taarifa zitatumika kutafuta waliokaribiana na mgonjwa tu. Januari 2021 ikaelezwa bungeni kwamba polisi wanaweza kuzipata kwa uchunguzi wa jinai. Watu walilalamika, na mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kuruhusu matumizi hayo kwa makosa makubwa pekee. Somo la hapo ni kwamba ahadi ya mdomo haitoshi. Masharti yaandikwe kwenye sheria kabla taarifa hazijakusanywa.

Kile ambacho simu haioni

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika makala hii.

Nafanya kazi mkoa wa Arusha, ambako malaria ni kidogo sana ukilinganisha na mikoa kama Geita, Kigoma au Mtwara. Mtoto wa miaka mitatu aliletwa kituoni ana homa na kikohozi kidogo. Msimu ulikuwa wa baridi, na watoto nusu ya mtaa walikuwa wanakohoa. Tulimtibu kikohozi, tukampa dawa ya kushusha homa, akarudi nyumbani. Siku ya tatu aliletwa tena amelegea, viganja vyeupe, hataki hata maji. Kipimo cha kidole kikaonyesha malaria. Alipewa dawa ya kwanza palepale na kukimbizwa hospitali. Alilazwa, akaongezewa damu, na Mungu alisaidia akapona.

Mtoto alikuwa amerudi wiki mbili kabla kutoka Geita kwa bibi yake. Mama hakusema kwa sababu hatukuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa mezani siku ile ya kwanza, na sikuuliza.

Fikiria kumbukumbu za simu zingeonyesha nini. Simu ya mama haikutoka Arusha hata siku moja. Mtoto alipelekwa na mjomba na kurudishwa na shangazi. Kwenye ramani ya minara, safari ya mtoto yule haikuwepo.

Hili si tatizo la familia moja. Taarifa za simu zina mapengo yanayojulikana:

- Watoto hawana simu. Hata hivyo, barani Afrika takriban vifo 3 kati ya kila 4 vya malaria ni vya watoto chini ya miaka 5. Walio hatarini zaidi ndio wasioonekana.
- Simu moja, watu wengi. Nyumba nyingi simu ni ya baba, au mama na binti wanatumia moja. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wanaume na watu waliosoma walimiliki simu zaidi, na wanawake na watu wa vijijini walichangia zaidi simu za wengine.
- Mtu mmoja, laini mbili au tatu. Anaweza kuhesabiwa mara mbili, au akapotea anapobadili laini, hasa akivuka mpaka.
- Mahali pasipo na mtandao. Mfugaji au mvuvi anaweza kukaa wiki bila alama yoyote.
- Mwendo si ugonjwa. Simu inaonyesha watu 1,000 wamesafiri. Haionyeshi yupi ana vimelea. Hilo linahitaji kipimo.

Kwa sababu hiyo watafiti hulinganisha taarifa za simu na vipimo vya hospitali, sensa na maswali ya nyumba kwa nyumba. Na kwa sababu hiyo swali "Je, mtoto amesafiri?" bado halina mbadala. Tangu siku ile limekaa la kwanza kwenye daftari langu.

Je, siri yangu iko salama?

Ni haki yako kuuliza. Kuna tofauti kubwa kati ya mambo mawili.

La kwanza ni taarifa za jumla: "watu 4,000 walitoka wilaya hii kwenda ile". Hapo mtu mmoja mmoja haonekani. Utafiti mwingi wa malaria unahitaji hesabu za aina hii tu.

La pili ni taarifa za mtu mmoja, hata kama jina limeondolewa. Hizi zina hatari zaidi. Mwaka 2013 watafiti walichambua mwendo wa simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, wakaona kwamba kujua mahali na saa nne tu kulitosha kumtofautisha mtu na wengine wote katika asilimia 95 ya watu hao. Ukifikiri kidogo utaona ni kweli. Ni nani mwingine analala nyumbani kwako, anafanya kazi kwako, anasali kwenu na kwenda kliniki yako? Kufuta jina peke yake hakutoshi. Taarifa ziwe za makundi, zitunzwe na wachache, na zifutwe kazi ikiisha.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna anayeisimamia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Uganda nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2019. Kwa sheria hizi taarifa za afya ni nyeti na zinahitaji uangalizi wa pekee.

Mtu akikuomba upakue programu ya afya au ujaze fomu kwenye simu, muulize:

1. Ni nani anayekusanya taarifa hizi, na ofisi yake iko wapi?
2. Mnataka nini hasa: jina, namba, mahali, au ugonjwa?
3. Zitatumika kwa kazi gani, na nani mwingine atapewa?
4. Zitafutwa lini?
5. Nikikataa, nitakosa huduma?

Mtoa huduma wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Na kumbuka: hakuna mpango wa kweli wa afya unaohitaji namba yako ya siri ya kutuma pesa, au unaokutaka ulipe kwanza ili "jina la mtoto litolewe kwenye orodha ya wagonjwa". Huyo ni tapeli. Kata simu.

Kudhibiti lokesheni kwenye simu janja

- Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya mahali, uone programu zipi zimeruhusiwa kujua ulipo. Za tochi, michezo na picha kwa kawaida hazina haja nayo.
- Chagua ruhusa ya wakati unapotumia programu tu, badala ya wakati wote.
- Zima Bluetooth na lokesheni usipozihitaji. Utaokoa na chaji pia.
- Simu anayochezea mtoto ikague vivyo hivyo.

Kuzima lokesheni hakufuti kumbukumbu za mnara. Hizo ziko kwa kampuni ya simu, na zinalindwa kwa sheria, si kwa kitufe. Usiache simu nyumbani wakati wa dharura kwa kuogopa kufuatiliwa. Mama anayejifungua au mtoto mwenye degedege anahitaji simu ya kuita usafiri.

Unachoweza kufanya wewe

*Kabla ya safari*

- Angalia kadi ya chanjo. Kamilisha zilizofika wakati wake.
- Kama mnakwenda mahali penye malaria nyingi, beba chandarua chenye dawa. Usitegemee kukikuta.
- Mjamzito, uliza kliniki kuhusu dawa ya kukinga malaria na kama safari ni salama kwako.
- Mtoto akienda bila wewe, mpe anayempeleka chandarua na kadi ya kliniki.

*Baada ya safari*

- Andika nyuma ya daftari la mtoto: alikwenda wapi, tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi. Mistari mitatu inatosha.
- Kwa mwezi mmoja baada ya kurudi, homa yoyote ichukuliwe kwa uzito. Mpeleke akapimwe ndani ya saa 24. Usinunue dawa ya malaria dukani kwa kukisia.
- Ukifika kituoni sema mwenyewe: "Mtoto huyu ametoka mahali fulani wiki mbili zilizopita." Usisubiri kuulizwa. Nesi amechoka, foleni ni ndefu, na anaweza kusahau kama nilivyosahau mimi.
- Akipewa dawa mseto, maliza dozi yote hata kama homa imeshuka siku ya pili.

*Mpeleke kituoni haraka, usiku au mchana, ukiona:*

- degedege
- amelegea sana, haamki au hakutambui
- anashindwa kunyonya, kula au kunywa
- anatapika kila kitu
- anapumua kwa shida au kwa haraka sana
- viganja na midomo imekuwa myeupe
- macho ya njano, au mkojo wa rangi ya kahawa

Maswali mengine

*Nikisema mtoto alisafiri, nitalaumiwa kwa kuleta ugonjwa?* Hapana. Kila mtu anasafiri, na kumpeleka mtoto kwa bibi si kosa. Mhudumu akikujibu vibaya, omba kuongea na mganga mfawidhi wa kituo. Lakini usiifiche safari, kwa sababu matibabu ya mtoto yanaitegemea.

*Mhudumu wa afya ya jamii akija nyumbani na simu kubwa ya kuandikia, anapeleleza?* Muombe kitambulisho na ajieleze ametumwa na kituo gani. Ukiwa na shaka, piga au tembelea kituo chako, au muulize mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Akiwa wa kweli, mjibu kwa uwazi, hasa kuhusu safari.

*Nina kitochi tu. Haya yananihusu?* Yanakuhusu. Kumbukumbu nyingi za utafiti wa Kenya na Zanzibar zilitoka kwa simu za kawaida, kabla simu janja hazijaenea. Na lililo muhimu zaidi halihitaji simu yoyote. Linahitaji daftari la kliniki, kalamu, na mama anayesema tumetoka wapi.